Jino la Kulia

Jameni, nimechoka kueleza kipande kipande. Mmoja ananipigia simu, mwingine ananishika mkono nje ya kanisa, na jana hata muuza maziwa alisimamisha baiskeli akaniuliza, "Daktari, ati ulienda Bungoma siku nne tu ukarudi umekonda hivi?" Basi nimeamua kuandika yote mara moja. Mpitishiane, kisha mniache nipumue.

Najua mtasema Bungoma ni hapo tu. Mtu akitoka Kitale asubuhi, saa sita ameshafika, amekula, na anatafuta kivuli. Ni kweli. Lakini mimi nilisafiri nikiwa na shavu la mtoto kichwani, na shavu hilo lilikuwa likivimba na kunywea, likivimba na kunywea, na kila simu ikilia roho yangu ilikuwa inaruka.

Endebess: tulivyoagana mlangoni

Wengi wenu mnamjua Naliaka, kitinda mimba wangu, miaka sita na nusu. Gego lake moja la utoto lilioza mpaka likatunga usaha. Ndiyo, mtoto wa daktari wa meno! Chekeni tu. Mganga hajigangi, na mlishaniambia hivyo mara nyingi.

Mimi nimekuwa kwa kazi hii miaka kumi na tisa. Nimeng'oa meno ya wakulima wenye shingo nene, ya askari, hata ya mchungaji wetu ambaye alinipiga teke kisha akaniombea msamaha kwa Mungu badala ya kuniomba mimi. Lakini watoto siwawezi, na nasema bila aibu kwa sababu aibu imeshaisha. Waliotutangulia walitufundisha kwamba mtoto ni wa kushikwa. Mama anashika mikono, mlinzi anashika miguu, msaidizi anashika kichwa, na daktari anafanya haraka. Ndivyo nilivyofanya miaka yote. Na mwezi mmoja kabla ya safari hii, ndivyo nilivyomfanyia Naliaka.

Alilia hata kabla sijashika chombo chochote. Nikamwambia anyamaze, akazidi. Akaniuma kidole. Nikampigia kelele, "Nyamaza!" kwa sauti kali hata wagonjwa wawili waliokuwa kwenye benchi nje waliinuka wakaenda zao. Jino halikutoka. Tangu siku hiyo, nikiingia nyumbani Naliaka anafunika mdomo kwa kiganja. Akitaka kunisalimia, ananisalimia kupitia vidole. Daktari mwenzangu mjini alijaribu kumwona, mtoto akafunga meno kabisa. Ikabaki njia moja: apelekwe Eldoret alazwe usingizi wa dawa, jino litolewe akiwa hajijui. Na Naliaka ana pumu. Sisi tulio ndani ya kazi tunajua kwamba kumlaza mtoto mwenye pumu si mchezo.

Ndipo mafunzo ya Bungoma yalipotokea: siku nne za kujifunza matibabu ya meno ya watoto, Jumatatu hadi Alhamisi. Mke wangu Nanjala alinisindikiza mpaka mlangoni. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Baba Naliaka," akasema, "enda usome. Lakini Ijumaa asubuhi kama mtoto hajakufungulia mdomo, mimi na yeye tunapanda gari la Eldoret. Nimeshaongea na watu wa hospitali."

"Na pumu?"

"Na usaha je? Utangoja mpaka lini?"

Naliaka alikuwa dirishani, kiganja mdomoni. Nikampungia mkono. Akanipungia na ule mwingine.

Kitale mpaka Kamukuywa

Barua ya mafunzo ilisema kila mmoja aje na kitu cha kuchezea mtoto. Nilipitia kliniki yangu ya Kitale na kitu pekee nilichokiona ni lile taya langu la plasta, lile kubwa, lenye ufizi mwekundu na meno ya ukubwa wa kiberiti, ambalo huwa nawaonyeshea watu wazima jinsi ya kupiga mswaki. Nikalitia kwenye kikapu.

Rose, msaidizi wangu, akaniangalia. "Daktari, hiyo ndiyo ya kuchezea?"

"Kwani lina nini?"

"Aki mimi mwenyewe linanitisha, na nalipanguza kila siku."

Nikaliweka kwenye kiti cha mbele, nikalifunga mkanda. Tukaondoka, mimi na taya. Mafunzo yalikuwa yaanze saa tano na tulionywa kwamba anayefundisha hapendi wachelewaji. Kiminini nilipita vizuri. Nikaanza hata kupiga mluzi, na mluzi wangu mnajua huwa ni dalili mbaya. Karibu na Kamukuywa moshi ukatoka chini ya boneti, sindano ya joto ikapanda mpaka mwisho, gari likakohoa likanyamaza.

Fundi wa hapo karibu alikuja na ovaroli yenye mafuta mpaka kwapani. Akafungua, akachungulia, akatikisa kichwa. Kisha akaliona taya kitini. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mzee, wewe ni mganga?"

"Mimi ni daktari wa meno."

"Sasa mbona umelifunga mkanda?"

Ningemjibu nini? Nikamwuliza gari litachukua muda gani. "Rejeta imekufa, bana. Niachie mpaka Alhamisi." Nikatazama saa: saa nne kasoro. Hapo simu ikalia. Ilikuwa Nanjala. "Shavu ni moto leo. Nimempa dawa, ametapika nusu." Nikasema mpe tena baada ya chakula. Nikasema nitapiga nikifika. Nikasema usijali, na sauti yangu mwenyewe ilinisaliti katikati ya hilo neno.

Kamukuywa mpaka Chwele: pickup ya vitunguu

Ilikuwa siku ya soko Chwele, kwa hivyo barabara haikukosa magari. Pickup ya vitunguu ilisimama. Mbele kulikuwa na dereva na mama mmoja mnene, mcheshi, aliyejitambulisha kabla sijauliza: Mama Simiyu, muuzaji wa vitunguu, mjane, wajukuu saba. Nilikaa na kikapu changu mapajani, nimekishika kama mtu aliyeiba kuku.

Hatujaenda mbali akafungua kitambaa akatoa viazi vitamu vya moto. Akanipa kimoja. Nikanyoosha mkono wa kushoto, maana wa pili ulikuwa umeshika kikapu. Akakirudisha kiazi kwake.

"Wee! Umelelewa wapi? Chakula kinapokewa na mkono wa kulia. Ndiyo maana unaitwa wa kulia, si ni wa kulia chakula?"

"Pole, Mama." Nikabadilisha mkono.

"Haya, kula. Unaonekana kama mtu anaenda kortini. Unafanya kazi gani?"

Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Mwalimu."

"Afadhali wewe. Watoto wanakuogopa kidogo lakini wanakupenda. Mimi wajukuu wangu hawaogopi mtu. Ila wakikataa kuoga nawaambia, leo nawapeleka kwa daktari wa meno. Woi! Wanaoga mpaka nyuma ya masikio."

Dereva akacheka mpaka akapiga usukani. Mimi nikatafuna kiazi. Kila mzazi kutoka Endebess mpaka Bungoma, nikawaza, ananitumia kama fimbo. Halafu mtoto anafika kwangu nami nashangaa kwa nini anatetemeka.

Mama Simiyu alikuwa na pakiti ya chumvi aliyoogopa itapasuka. Bila kuuliza akafunua kikapu changu ili aiweke. Nadhani ukelele alioutoa alipoliona taya ulisikika Kimilili. Dereva alikanyaga breki, gari likayumba, na magunia mawili ya vitunguu yakaanguka nyuma yakapasuka, vitunguu vikatawanyika barabarani mpaka kwenye mtaro.

Tulishuka wote watatu kuokota. Nikiwa nimeinama, suti imejaa vumbi, ilibidi niseme ukweli. "Mama, mimi si mwalimu. Mimi ni daktari wa meno."

Akasimama, kitunguu mkononi. Nikangoja matusi. Akacheka mpaka akaketi chini. "Kumbe ni wewe! Kumbe ni wewe ndiyo natishanga watoto naye!" Alipofuta machozi akauliza, sasa kwa upole, "Na wako je? Wako nyumbani hawakuogopi?"

Nikaendelea kuokota vitunguu, na yeye akaona, na hakuuliza tena. Tulipofika Chwele alinitafutia mwenyewe gari la kwenda Bungoma, akamwambia mwenye gari, "Mfikishe huyu haraka, ana mgonjwa." Sikuwa nimemwambia.

Bungoma: siku tatu kwenye kiti

Nilifika saa saba. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba msamaha njia nzima. Kumbe stima zilikuwa zimepotea na hakuna kilichokuwa kimeanza. Wenzangu saba walikuwa wamekaa wanakula samosa.

Anayefundisha ni Daktari Nafuna, mama mdogo wa mwili, nywele nyeupe, sauti ya chini kiasi kwamba lazima unyamaze ndiyo umsikie. Nimejua baadaye kwamba ndiyo mbinu yake. Aliliangalia taya langu kwa muda. "Hili ndilo la kuchezea?"

"Ndiyo, Daktari."

"Tutaona watoto watasema nini." Basi.

Kazi ya kwanza aliandika ubaoni maneno ambayo hayatatoka midomoni mwetu mbele ya mtoto: sindano, kung'oa, damu, uchungu, kisu. Ganzi tuite maji ya kulaza jino. Mashine tuite mswaki wa kelele. Mtoto aambiwe kwanza, aonyeshwe, kisha ndiyo afanyiwe, na asifanyiwe kitu ambacho hakuambiwa. "Neno ndilo chombo cha kwanza kinachoingia mdomoni," alisema. Na Alhamisi tungepanda Kapsokwony, kwa zahanati ya mlimani, kila mmoja apewe mtoto mmoja, yeye akitazama. "Ukimshika mtoto kwa nguvu, umefeli. Sitaki hata kusikia sababu."

Mmoja wetu, jamaa wa Webuye, akauliza, "Na akikataa kabisa?"

"Unajua kushikwa kukoje wewe?" akamwuliza. Kisha akaniangalia mimi. Sijui kwa nini kila mara ni mimi. "Daktari Wafula, njoo ulale hapa."

Nikalala kwenye kiti. Akawaambia wanne wanishike, kila mmoja kiungo chake, na wa tano aniinamie na kioo. Mwanzo nilicheka. Halafu taa ikawashwa machoni, na kile kicheko sikujua kilikoenda. Nikajaribu kuinua mkono, haukuinuka. Nikasema "basi", lakini kioo kilikuwa mdomoni, ikatoka sauti tu isiyo na maana, na wenzangu wakadhani natania wakazidi kukaza. Mimi, mwanamume mzima wa miaka arobaini na sita! Waliponiachilia shati lilikuwa limelowa mgongoni. Niliketi nje kwenye ngazi. Sikuwa nawaza mtihani. Nilikuwa nawaza kiatu kidogo cha Naliaka mkononi mwa mlinzi wangu, maana siku ile kilimvuka na mlinzi akabaki amekishika.

Pale nilipolala palikuwa kwa mama mmoja wa hapo karibu, mkarimu kupita kiasi. Jioni ya kwanza tu alisimama mlangoni, "Daktari, karibu kura!" Mimi ni Mbukusu, najua ni chakula, si uchaguzi. Alikuwa amechinja. Aliniwekea ugali wa wimbi, mchuzi, na juu kabisa firigisi, sehemu ya mgeni wa heshima. Nikajaribu. Nikauma mara moja tu. Nikaisogeza pembeni kwa adabu, na hapo nikaharibu. Siku ya pili akanipikia samaki. Ya tatu, mayai. Ile Jumatano nilimkuta jikoni analalamikia jirani, "Huyu daktari anakagua chakula changu na macho, ati kitaharibu meno yake!" Ilibidi nimweleze habari za mtoto. Akaniangalia, akatoa firigisi nyingine, akasema, "Kura. Mtoto hatapona kwa sababu umekaa njaa." Nikala yote, jameni, nikalamba na sahani.

Kila jioni nilipiga nyumbani. Nanjala alikuwa anamwekea Naliaka simu sikioni. Mimi naongea, naongea, nauliza habari za ndama, za shule, za mwanasesere wake. Upande ule nasikia pumzi tu, zimefunikwa. Hata kwa simu alikuwa anaweka kiganja.

Kupanda Kapsokwony

Alhamisi tulitoka mapema. Gari la mafunzo lilitufikisha Kimilili vizuri, halafu mvua ikaja. Kule juu barabara ikawa utelezi mtupu na dereva akagoma. Tukapanda bodaboda, kila mmoja na sanduku la vyombo, mimi nikiwa na taya kifuani ndani ya koti. Kijana aliyenibeba alikuwa anapiga stori kana kwamba tuko sebuleni.

"Daktari, ukiona naenda upande huu usishtuke. Kushoto kuna shimo."

"Naona bonde, sioni shimo."

"Si ndiyo hilo."

Simu ikatetemeka mfukoni. Sikuweza kuishika. Nikakaa na ule mtetemo mguuni kilomita zote zilizobaki, nikijiambia ni matangazo tu. Tulipofika na kusoma, hayakuwa matangazo. "Shavu limerudi kama juzi. Amekataa uji. Nimemfungia nguo zake." Nikajaribu kupiga, mtandao ukakata.

Zahanati ilikuwa imejaa. Mtoto wangu aliitwa Kibet, miaka sita, ameletwa na nyanya yake ambaye wote walimwita Kogo. Kibet alikuwa na gego limeoza chini, na sweta ya shule iliyofungwa pini. Karibu umri wa Naliaka. Daktari Nafuna akavuta kiti chake, akakaa kando, kalamu mkononi.

Nikatoa taya. Nilikuwa nimejiandaa akimbie. Kibet akalitazama, akaingiza mkono wote ndani, akaanza kuhesabu. "Hii ng'ombe ni ya nani?" Kogo akacheka. Nikamwambia si ng'ombe, ni mtu. "Ni mtu mkubwa sana," akasema kwa heshima. Tukawa marafiki. Nikampa kioo ashike. Nikamwonyesha jinsi maji ya kulaza jino yanavyoingia polepole. Nilikuwa nafuata kila hatua, na jasho linanitoka, lakini mdomo wa Kibet ulikuwa wazi, wazi kabisa, na mimi nikaanza kuamini.

Halafu nikataka Daktari Nafuna asikie kwamba najua kazi. Nikasema kwa ile sauti ya kiofisi, "Haya, sasa tunaenda kwa jino la kulia, la chini."

Kibet akafunga mdomo. Akaweka kioo chini vizuri. Akapangusa viganja kwa suruali. Akamwangalia Kogo, akaniangalia mimi, akauliza:

"Nianze sasa?"

"Uanze nini?"

"Kulia."

Nikadhani ananichezea. "Hapana, usilie! Ni jino la kulia tu."

Akaanza. Alilia kwa utaratibu, mdomo wazi, macho yakiwa kwangu kuona kama inatosha. Kisha kile kilio cha kazi kikageuka kikawa cha kweli, maana mtu hawezi kulia hivyo muda mrefu bila kuogopa. Wale watoto kwenye benchi wakashika. Zahanati nzima ikalia. Mkono wangu ukainuka wenyewe, mkono wa miaka kumi na tisa, ukaenda kwa kidevu chake. Nikaona vidole vyangu viko karibu kabisa. Nikaviona pia vimetazamwa na Daktari Nafuna. Nikauficha mkono nyuma.

"Ni nini sasa?" nikasema, na nilisikia sauti yangu inaanza kupanda kama siku ile. "Si alikuwa sawa?"

Kogo akaniangalia kama mtu anayeangalia mjinga. "Wewe daktari, si ni wewe umemwambia alie?"

"Mimi?"

"Umesema ni jino ya kulia. Mara mbili. Mtoto amekutii, sasa unamkasirikia."

Jameni. Nilisimama pale na sikuona zahanati tena. Nilikiona kiti changu cha Kitale, na mtoto wangu ameketi juu yake na viatu vyake vyote viwili, hajashikwa bado, ananisikiliza. Nilikumbuka nimeinama nikamwambia kitu kwa upole, kabla ya mambo yote kuharibika. Nilijua ni maneno gani. Gego la Naliaka ni la chini. Ni la kulia.

Nikapiga magoti mbele ya Kibet. Machozi yangu mwenyewe yalikuwa karibu na sikuona haya. "Kibet, pole. Ni mimi nimekosea kusema. Hakuna jino la kulia hapa. Ugali unakula na mkono gani?"

Akauinua.

"Basi ni la upande huo. Jino la upande wa ugali."

Akavuta kamasi. "Kwa hivyo nisilie?"

"Ukisikia kulia, lia. Lakini si kazi umepewa."

Akafikiri. Akachukua kioo chake, akafungua mdomo. Jino lilitoka, na hakuna aliyemgusa hata bega. Akaliomba, akakimbia nje kulirusha juu ya paa.

Daktari Nafuna alifungua daftari lake pale ambapo ameorodhesha yale maneno: sindano, kung'oa, damu, uchungu, kisu. Chini yake akaandika "kulia", akapiga mstari. "Miaka yote hii nafundisha," akasema polepole, kana kwamba anaongea na daftari, "na mimi huwa nasema hivyo hivyo." Cheti alinipa, ndiyo. Kiko kwa droo, sijakitazama tangu siku hiyo.

Kurudi

Fundi wa Kamukuywa aliniambia kwa simu gari liko tayari, kisha nikamkuta chini yake. Nikasimama kando ya miguu yake mpaka akamaliza. Nilifika Endebess saa kumi na mbili jioni. Naliaka alikuwa amelala, shavu juu ya mto. Begi la Eldoret lilikuwa mlangoni, na sweta yake juu. Sikumwamsha. Nilimwomba Nanjala kitu kimoja tu, kwamba asubuhi tupitie kliniki kabla ya kituo cha magari.

"Dakika kumi, Baba Naliaka. Gari la Eldoret halingoji mtu."

Ijumaa nikafungua kliniki mwenyewe. Mlinzi nikamtuma sokoni, Rose nikamwambia akae nje. Naliaka akaingia na mamake, kiganja mdomoni, akasimama mbali na kiti. Sikuvaa koti jeupe. Niliketi sakafuni, mgongo kwa kabati, ili awe mrefu kuliko mimi.

"Naliaka, siku ile ukiwa hapo, kabla hujaanza kulia, nilikuambia nini?"

Nanjala akaangalia saa.

"Ulisema nifungue mdomo," ikatoka kupitia vidole. "Ulisema usiogope, ni jino la kulia tu."

"Halafu?"

"Nikalia. Halafu ukaniambia ninyamaze. Halafu wakanishika."

Nanjala alifunika uso wake na leso. Mimi sikuwa na cha kufunikia. Nikamwambia mtoto wangu kwamba alikuwa amefanya kama alivyoambiwa, kwamba hakukosa hata kidogo, kwamba aliyekosa ni mimi, kwa neno na kwa mikono, na kwamba ninaomba msamaha. Alisikiliza yote, uso umekazwa, kama mamake anavyosikiliza.

"Sasa leo ni jino la nini?" akauliza.

"Wewe ndiye utasema."

Akakizunguka kiti. Akakigusa. Akapanda mwenyewe, akaketi, akageuza kichwa kuona gego lake linaangalia wapi.

"Ni la upande wa dirisha," akasema, na kiganja kikashuka.

Kwa hivyo mkija kliniki mkisikia mimi na Rose tunaambiana "upande wa dirisha, upande wa mlango", msidhani tumechanganyikiwa. Naliaka alilia kidogo wakati jino linatoka. Sikumwambia anyamaze.